Skii kwenye milima ya Alps: Kiingereza kinakufikisha wapi, na wapi kinakuacha

Mtu aliyekulia Tanga au Kisumu na sasa anaishi Birmingham hualikwa siku moja na wenzake wa kazini kwenda kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni, katika milima ya Alps, na swali lake la kwanza, baada ya lile la gharama, huwa ni la lugha: hajui Kifaransa, hajui Kijerumani wala Kiitaliano, je, Kiingereza chake kitatosha? Mara nyingi hujibiwa kwamba kule kila mtu anazungumza Kiingereza, asiwe na wasiwasi. Jibu hilo lina ukweli mwingi, lakini pale linapokosea ndipo penye uzito hasa, kwa sababu Kiingereza cha milimani ni Kiingereza cha biashara. Kimeenea penye kaunta, penye mapokezi ya hoteli na penye meza ya chakula, kisha kinapungua kadiri mtu anavyosogea kuelekea mahali ambapo mwili wake unaweza kuumia. Anayelijua hilo mapema atapeleka fedha na muda wake panapostahili: kwa mwalimu, kwenye vifungo vya skii, kwenye bima, na kwenye maneno machache ya kukariri kabla ya kufunga sanduku.

Kiingereza hakikufika kule kwa bahati tu. Mchezo wa kuteremka mlimani kwa kasi, kama tunavyouona leo, ulipata sehemu ya kanuni zake kutoka kwa wageni wa Kiingereza: Arnold Lunn aliandaa mbio za slalomu, yaani za kuteremka kwa kupindapinda kati ya vijiti, katika kijiji cha Mürren, Uswisi, mwaka 1922, na mwaka 1928 yeye pamoja na Hannes Schneider, mwalimu mashuhuri wa St. Anton nchini Austria, walianzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar. Kijiji cha Méribel nchini Ufaransa kiligeuzwa kuwa kituo cha skii kuanzia mwaka 1938 kwa juhudi za Mskoti, Peter Lindsay. Mazoea hayo ya miaka mingi yanaonekana hadi leo, kwani mtu anaweza kukaa wiki nzima Méribel, Val d'Isère, Morzine, Verbier au St. Anton na kuelewana na karibu kila mtu kwa Kiingereza. Akienda kwenye mabonde madogo ya Italia, au kwenye jimbo lake la Tirol ya Kusini ambako watu huzungumza Kijerumani na Kiitaliano, na katika mabonde machache Kiladini, atakuta kwamba Kiingereza ni lugha ya tatu au ya nne ya mwenyeji wake, na hapo subira inahitajika pande zote mbili.

Hata katika vijiji vilivyozoea Waingereza hali imebadilika tangu mwaka 2021. Uingereza ilipotoka katika soko la pamoja la Ulaya, kampuni za Kiingereza zilipoteza uhuru wa kupeleka vijana wao kufanya kazi za msimu bila vibali, na nyumba za mbao ambako mpishi na mhudumu walikuwa vijana wa kutoka Leeds au Bristol zimepungua. Mimi humshauri anayeanza kabisa achague kijiji chenye Kiingereza kingi, hata kama bei yake iko juu kidogo, na asubiri safari ya tatu ndipo atafute mabonde tulivu. Siku za kwanza juu ya theluji zina mambo ya kutosha ya kuelewa bila kuongeza mzigo wa lugha.

Mzigo huo huhisiwa zaidi kwenye somo. Mwaka wangu wa kwanza, katika kijiji kimoja cha Austria, nilikuwa nimelipia somo la kikundi bila kuuliza litafundishwa kwa lugha gani. Nilipofika asubuhi kikundi cha Kiingereza kilikuwa kimejaa, nikawekwa pamoja na Wajerumani na Waholanzi. Mwalimu alikuwa mwema na alijua Kiingereza, lakini alitoa kila agizo kwa Kijerumani kwanza, kisha akanitafsiria. Nusu dakika ile ilikuwa ndefu kuliko inavyosikika, kwa sababu wenzangu walikuwa wameshaanza kuteremka, nami miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuwafuata kabla masikio hayajapata maana. Aliposema “Talski” alimaanisha skii iliyo upande wa bondeni, ile inayopaswa kubeba uzito wa mwili wakati wa kukata kona. Mimi nilisikia sauti tu, nikaegemea upande wa mlima kama mtu yeyote mwenye hofu anavyofanya, nikaanguka. Nilianguka hivyo asubuhi nzima kwa sababu ya neno moja.

Kwa hiyo wakati wa kuweka nafasi, usiulize kama walimu wanajua Kiingereza, maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza kama kikundi chenyewe kitafundishwa kwa Kiingereza, kina nafasi ngapi, na kitaanza siku gani, kisha omba majibu hayo kwa maandishi. Shule za skii hupanga vikundi kwa kuangalia idadi ya waliojiandikisha, na katika wiki zisizo na Waingereza wengi kikundi cha Kiingereza kinaweza kisiwepo kabisa. Kinyume chake, katikati ya Februari, shule za Uingereza zinapofunga kwa wiki moja, vikundi hivyo hujaa miezi kadhaa kabla. Ufaransa nayo imegawa shule zake katika kanda tatu, A, B na C, ambazo hupokezana likizo za majira ya baridi kwa muda wa wiki nne hivi kuanzia Februari, hivyo wiki ya Waingereza hukuta milima imeshajaa wenyeji. Asiye na mtoto wa shule na aende Januari baada ya sikukuu, au katikati ya Machi, ambapo bei hupoa na mwalimu hupata muda wa kumtazama kila mwanafunzi. Nchini Ufaransa nyumba nyingi hukodishwa kutoka Jumamosi hadi Jumamosi na masomo ya kikundi huanza Jumapili au Jumatatu, kwa hiyo anayefika katikati ya wiki anaweza kukuta somo la wanaoanza limeshapita.

Ikiwa fedha inaruhusu, saa mbili za mwalimu wa peke yako kwa Kiingereza siku ya kwanza, zikifuatiwa na kikundi, zina faida kuliko siku nzima ya kikundi usichokielewa. Tena jifunze maneno ya msingi ya lugha ya mahali unakokwenda hata kama somo ni la Kiingereza, kwa sababu mwalimu anapoona hatari hupiga kelele kwa lugha yake. Mkao wa kwanza anaofundishwa kila mtu, ambapo ncha za mbele za skii hukaribiana na mikia hutanuka kama kabari ili kupunguza mwendo, Wafaransa huuita “chasse-neige” na Wajerumani “Pflug”, yaani plau. “Halt” na “stop” hazihitaji tafsiri.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hawalitarajii, nalo ni kwamba Kiingereza chenyewe hakina maana moja mlimani. Njia za kuteleza hupewa rangi kulingana na ugumu wake, lakini rangi hizo hazilingani duniani kote. Huko Ufaransa kijani ndiyo rahisi kabisa, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida huanza na bluu, hivyo anayetafuta kijani kwenye ramani zao atatafuta bure. Marekani na Kanada wana duara la kijani kwa wanaoanza, mraba wa bluu kwa wa kati na almasi nyeusi kwa wazoefu, na nyekundu haipo. Ndugu wawili, mmoja wa Toronto na mwingine wa London, wakisema kwa Kiingereza kilekile kwamba wanamudu njia za bluu, wa Toronto anazungumzia njia za kiwango cha kati na wa London anazungumzia njia za wanaojifunza. Huko Japani, ambako vijiji kama Niseko vimezoea sana wageni wanaozungumza Kiingereza, rangi ni kijani, nyekundu na nyeusi, na nyekundu ya pale inakaa karibu na bluu ya Marekani. Unapojaza fomu ya shule au unapopanga na marafiki, acha rangi. Eleza umeteleza kwa siku ngapi maishani, katika nchi gani, na kama unaweza kusimama mahali unapotaka.

Fomu nyingine inayostahili umakini ni ile ya duka la kukodisha. Kwanza jina la duka lenyewe: nchini Ufaransa utaona “location de skis”, na neno hilo la kwanza, ambalo kwa Kiingereza ni mahali, kwa Kifaransa ni ukodishaji. Ndani ya duka utapewa viatu vigumu vya plastiki vinavyopimwa kwa urefu wa mguu katika sentimita, si kwa namba za viatu vya kawaida, hivyo 26.5 ni sentimita 26 na nusu. Pima mguu wako nyumbani jioni, ukisimama, kisigino kikigusa ukuta. Vaa soksi moja nyembamba, kwani soksi mbili hukunjika ndani ya kiatu na kuleta maumivu. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, na ukikunja magoti viachane na ncha huku ugoko ukibanwa sawasawa na ulimi wa kiatu. Kiatu kikiuma usione haya kukirudisha, hata mara tatu. Sema “ça fait mal ici” kwa Kifaransa au “es drückt hier” kwa Kijerumani, ukionyesha kwa kidole mahali hasa panapouma, na muuzaji ataelewa mara moja.

Kisha vinakuja vifungo, vile vyuma vinavyoshika kiatu kwenye skii na vinavyotakiwa kuachia mtu anapoanguka. Fundi huvirekebisha kwa kuangalia uzito wako, urefu wako, umri wako, urefu wa soli ya kiatu, na aina ya mwendo wako, ambayo hugawanywa katika makundi matatu kuanzia mwenye tahadhari hadi mwenye kasi. Vikikazwa kupita kiasi haviachii, na goti ndilo linalolipa. Vikilegezwa kupita kiasi vinaachia katikati ya mteremko. Hapa Kiingereza cha Uingereza kinaweza kumponza mtu, kwa sababu aliyezoea kupimwa kwa stoni atataja 11, na fundi wa Ulaya anataka kilo. Stoni moja ni kilo 6.35, kwa hiyo 11 ni karibu kilo 70. Andika kilo zako na sentimita zako kwenye karatasi kabla ya kusafiri, na uzito uwe wa kweli, usipunguzwe kwa aibu. Ukiulizwa kiwango chako, usijiite wa kati kwa sababu neno “anayeanza” linakushushia hadhi. Fundi atakaza vifungo kulingana na neno ulilotumia.

Sasa viza, ambayo kwa msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda inaweza kuchukua muda mwingi kuliko mambo mengine yote. Kibali cha kuishi Uingereza hakimpi mtu ruhusa ya kuingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Anahitaji viza, na anaiomba kutoka Uingereza anakoishi. Maombi yanaweza kupelekwa mapema hadi miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla, na ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi, si kwa nchi ambayo ndege inatua, na jambo hili huwachanganya wengi wanaokwenda Chamonix au Morzine, kwa kuwa hutua Geneva iliyo Uswisi na kulala Ufaransa. Maombi yao ni ya Ufaransa. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo ndani ya Schengen, hivyo viza ileile inamvusha. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani au nchi nyingine ya Schengen hana shida hiyo, anakwenda nacho pamoja na pasipoti yake.

Viza hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na hapa pana mtego. Bima nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viza hazihusishi michezo ya theluji, hivyo mtu anaweza kupita uwanja wa ndege akiwa na karatasi halali kabisa ambayo haitamlipia senti moja akivunjika mguu juu ya skii. Soma mkataba wa bima kwa Kiingereza nyumbani kwako, kwa utulivu, uone kama unataja skii kwa jina, kama unalipia uokoaji mlimani pamoja na helikopta, kama unaruhusu kutoka nje ya njia zilizowekwa alama, na kama unakulinda ukimgonga mtu mwingine. Kadi ya afya ya serikali ya Uingereza inayotumika katika nchi za Umoja wa Ulaya hailipii uokoaji mlimani, na nchini Ufaransa anayeteremshwa kwa machela ya theluji kutoka kwenye njia za kijiji huletewa ankara.

Italia imekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kila anayeteleza lazima awe na bima ya madhara kwa mtu wa tatu, ambayo inaweza kununuliwa pamoja na tiketi ya lifti, vile vyombo vya kamba vinavyopandisha watu mlimani, na tangu Novemba 2025 kofia ngumu ni lazima kwa watu wa umri wote. Kuhusu kugongana, Shirikisho la Kimataifa la Skii lina kanuni 10 ambazo mahakama za Ulaya huzizingatia, na iliyo kuu kwangu ni kwamba aliye chini ana haki ya njia, kwa sababu aliye juu ndiye anayemwona. Kanuni ya mwisho humtaka kila aliyehusika katika ajali, na hata shahidi, ajitambulishe. Asiyejua lugha huogopa na kuondoka. Abaki, na aonyeshe kitambulisho.

Mabango ni machache na yanajirudia, kwa hiyo hakuna sababu ya kutoyajua. “Fermé” kwa Kifaransa, “gesperrt” kwa Kijerumani na “chiuso” kwa Kiitaliano yote ni imefungwa, na kamba iliyopitishwa njiani ina maana hiyohiyo. “Forfait” ni tiketi ya lifti. “Letzte Bergfahrt” ni lifti ya mwisho ya kupanda, na anayeikosa akiwa bonde la pili, mbali na hoteli yake, hulipa teksi ya kuzunguka mlima mzima.

Bango la hatari ya maporomoko ya theluji lina namba kuanzia 1 hadi 5, mizani ambayo nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1993. Faida ya namba ni kwamba inasomeka kwa lugha yoyote. Hasara yake ni kwamba 3, kwa kuwa iko katikati, humfanya mtu adhani hali ni ya wastani. Hatari haipandi hatua kwa hatua sawasawa, inaongezeka kwa kishindo, na sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za namba 3, kwa sababu watu bado hutoka nje. Anayebaki kwenye njia zilizo wazi analindwa na wafanyakazi wa kijiji. Anayetaka kutoka nje ya alama anahitaji kiongozi anayeelewana naye kikamilifu, kifaa cha mawimbi kifuani cha kumtafutia aliyefukiwa, sepetu, na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na anahitaji kusoma taarifa ya siku hiyo. Taasisi ya theluji ya Davos huitoa kwa Kiingereza kwa ajili ya Uswisi, na vivyo hivyo taarifa ya pamoja ya Tirol, Tirol ya Kusini na Trentino.

Likitokea la kutokea, namba 112 inafanya kazi katika nchi zote nne: Ufaransa, Austria, Italia, na hata Uswisi. Austria ina pia 140 ya waokoaji wa mlimani, na Uswisi 1414 ya helikopta za Rega. Hifadhi kwenye simu pia namba ya walinzi wa njia za kijiji, ambayo mara nyingi huchapwa kwenye ramani ya karatasi. Panda kidogo juu ya majeruhi, chomeka skii mbili kwenye theluji zikipishana ili wanaoteremka wazione, kisha piga simu na uanze na mahali kabla ya kueleza kilichotokea, maana mstari ukikatika, mahali ndipo patakapomleta mwokoaji. Jina la njia na rangi yake hutamkwa vibaya na mgeni. Namba ya fimbo iliyochomekwa pembeni mwa njia haipotei. Nchini Ufaransa fimbo hizo huhesabiwa kurudi nyuma, namba 1 ikiwa chini kabisa, na zile za upande wa kulia wa anayeteremka zina ncha ya rangi ya chungwa. Kariri kuhesabu kwa Kifaransa hadi 30, na kila lifti inapokushusha juu, tazama fimbo ya kwanza unayoipita kabla hujaanza kuteremka.